Chakula cha Mtu Mmoja

Mara ya kwanza Harlan Moe alikataa.

"Nimetoka kula sasa hivi," alisema, na mikono yake akaificha katika mifuko ya koti kama mtoto aliyeambiwa aonyeshe kucha.

Marlys Lunde hakubishana naye. Alikoroga chakula kilichokuwa kikifuka mvuke ndani ya trei ya plastiki, akachota kijiko kimoja cha malenge na viazi vitamu, akakitia katika kikombe cha karatasi chenye ukubwa wa yai la kuku, kisha akakisogeza kikombe hadi ukingoni mwa meza.

"Onja kidogo tu, Harlan. Ndiyo kwanza kimetoka."

"Wape wenye njaa."

"Wenye njaa wameshapita. Hiki kilichobaki nitakimwaga."

"Basi, kama ni cha kumwagwa," alisema Harlan kwa sauti ya mtu anayebebeshwa mzigo, na kumbe kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni.

Alitafuna polepole, macho kwenye dari ya supamaketi. Akasema hakina ubaya. Katika mji wa Aldahl hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mkulima mstaafu kama Harlan hakuwahi kusema zaidi ya hapo hata siku ya harusi yake. Akafungua friza iliyokuwa nyuma ya Marlys, akatoa maboksi mawili, akayaficha kwenye toroli chini ya gazeti, akaenda zake.

Hii ndiyo iliyokuwa kazi ya Marlys kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja: kuonjesha. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa mbali, huko mjini, na kila mwezi ilimletea kitu kipya cha kuonjesha pamoja na karatasi ya maneno ya kusema. Alikuwa na meza yake ya kukunja, maikrowevu yake juu ya kigari, aproni ya kijani, kofia ya wavu iliyobana nywele zake za mvi, na glavu ambazo alizibadilisha kila nusu saa bila kusimamiwa na mtu. Wasichana waliotumwa na kampuni kwenye maduka mengine walirudisha trei zimejaa. Waliuliza mara moja, wakaambiwa hapana, wakasema asante. Hawakujua watu wa upande ule wa Minnesota. Mtu mwenye adabu hapokei chakula mara ya kwanza, asije akaonekana mlafi. Mara ya pili hukataa tena, ila kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu hupokea, na hupokea kwa kunung'unika. Marlys alizaliwa katika hesabu hiyo, na katika maisha yake yote hakuwahi kumshika mtu kwa hapana yake ya kwanza.

Mwezi huu wa Oktoba kampuni ilikuwa imemletea maboksi yenye picha ya jani la rangi ya machungwa. Malenge, viazi vitamu, tufaha, mchele wa porini, na yale matunda madogo mekundu ya mabwawani. Karatasi ilimtaka aseme kwamba hakina krimu, chumvi yake ni kidogo, kalori zake hazifiki mia tatu, na kwamba ni ladha zote za majira ya majani kuanguka ndani ya boksi moja, kwa dakika tano na nusu, kwa mtu mmoja.

Maneno hayo matatu ya mwisho, Jumamosi ya kwanza, yalimkwama kooni. Jumamosi ya pili aliyapitisha. Sasa ilikuwa ya nne, na aliyasema huku akifuta meza.

Mumewe, Lowell, aliyekuwa akiendesha gari la wilaya la kuondoa theluji, alifariki mwezi Machi. Baada ya mazishi waliketi watu themanini katika chumba cha chini cha kanisa, wakala mikate yenye nyama, wakanywa kahawa, wakacheka kidogo walipomkumbuka marehemu na gari lake lililong'oa masanduku ya barua ya mtaa mzima. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Marlys kuketi mezani na mtu. Si kwamba watu walimsahau. Wanawake wa kanisa walimwalika, mmoja baada ya mwingine. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, nao wakatazamana, wakasema maskini, tusimsonge, majonzi yanataka nafasi yake. Na ile mara ya tatu wakaiweka kando kwa heshima. Kisha ikaja kazi ya kupanda mahindi, kisha ikaja kazi ya kuvuna. Mwanawe, Bradley, alipiga simu kutoka Arizona kila Jumapili na kumwuliza kama anakula vizuri. Alijibu anakula. Alikula biskuti za chumvi na supu ya kopo, amesimama kando ya sinki, maana kuketi kulitaka kutandika meza, na meza ile ilikuwa na viti vinne.

Saa tano kasoro, wakati alipokuwa akitoboa kwa uma karatasi ya nailoni ya boksi jingine, alimwona Ofelia Barraza akiingia mlangoni na toroli.

Moyo wake ulifanya jambo ambalo alilionea haya. Uliruka, kama wa msichana.

Ofelia alikuwa jirani yake. Zaidi ya jirani, maana nyumba zao zilikuwa moja iliyogawanywa kwa ukuta katikati, milango miwili kwenye kibaraza kimoja. Alihamia mwezi Agosti kutoka kusini mwa Texas, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mpana wa mabega, anayekata nyama katika kiwanda cha batamzinga. Wiki ile ile Marlys alioka sinia la vitafunwa vya shayiri na chokoleti, kama ipasavyo mtu akipata jirani mpya, akampelekea. Ofelia alifungua mlango akiwa na taulo kichwani, akalipokea sinia, akamwambia aingie. Marlys alisema hapana, anapita tu. Anapita kwenda wapi, juu ya kibaraza chake mwenyewe? Lakini Ofelia alisema haya, ahsante sana, jirani, na mlango ukafungwa. Siku ya pili sinia lilirudi limeoshwa, na ndani yake kulikuwa na mikate ya mahindi iliyofungwa katika maganda yake, ingali moto. Marlys aliila siku tatu. Tangu hapo ilikuwa ni salamu za asubuhi na kuinuliana mikono, na kila Jumamosi jioni, kwa upande wa pili wa ukuta, sauti za watu wakila.

Alikuwa ameomba. Hili hakumwambia mtu yeyote. Alipiga magoti kando ya kitanda, mwanamke wa miaka sitini na saba ambaye alizoea kuombea wagonjwa, mvua na wamisionari, akamwomba Mungu kwamba siku moja yule mwanamke amkaribishe tena. Aliona ni ombi dogo mno kumsumbua Mungu nalo, akaomba radhi kwa kuliomba, kisha usiku uliofuata akaliomba tena.

"Jirani," alisema Ofelia, akisimamisha toroli mbele ya meza. "Kumbe ni hapa unapojificha. Unapika nini?"

Marlys alianza kusema maneno ya karatasi. Alikuwa hajafika kwenye kalori wakati Ofelia alipojichukulia kikombe mwenyewe na kukimimina chote mdomoni. Hakukataa hata mara moja. Marlys alibaki na kijiko hewani, kama mtu aliyenyanyua mguu kukanyaga ngazi isiyokuwapo.

Ofelia alitafuna. Akauliza kama Marlys mwenyewe hukila chakula hiki.

Marlys alisema watu wengi wanakipenda.

"Sikukuuliza watu. Nimekuuliza wewe."

Na kwa kuwa hakuweza kusema uongo, hasa akiwa amevaa glavu, Marlys alikiri kwamba hajawahi kukionja. Chakula cha mezani kilikuwa cha wageni. Kwa miaka kumi na mmoja hajala hata kijiko.

Ofelia alicheka hadi Curt, meneja wa duka, akachungulia kutoka kwenye rafu ya nafaka. "Unawalisha watu usichokila. Hata mchawi huonja kwanza." Akaweka kikombe kitupu ndani ya kingine. "Nikwambie ukweli? Si kibaya. Tufaha limekaa vizuri. Ila malenge yamelia maji, na chumvi hakuna, na nani aliyemwambia mpishi wake kwamba chakula kinapikwa kwa mtu mmoja? Mimi hata nikiumwa siwezi kupika sufuria ya mtu mmoja. Sijui inavyoanzwa."

Marlys alicheka pia, kwa mkono mdomoni.

Kisha Ofelia akainamia meza, akashusha sauti kidogo, na Marlys akajua ni nini kinakuja kabla hakijaja. "Leo jioni dada yangu anakuja na mumewe. Napika supu ya mahindi, sufuria kubwa. Njoo ule na sisi. Saa kumi na moja."

Ndilo ombi lake. Lilikuwa limesimama mbele yake, na koti jekundu, na toroli yenye vitunguu.

"Aa, hapana," alisema Marlys. "Usijisumbue kwa ajili yangu. Mna wageni wenu."

"Usumbufu gani? Nimeshakwambia sufuria ni kubwa. Njoo."

"Hapana, kwa kweli," alisema Marlys, kwa sauti ya chini zaidi, akiinamisha macho kama alivyofunzwa na mama yake, aliyefunzwa naye na mama yake. "Nina chakula nyumbani."

Akangoja.

Alikuwa na jibu lake tayari. Lilikuwa juu kabisa ya ulimi: basi, kama kweli haitakuwa taabu, nitapita kidogo tu. Alikuwa hata ameshaanza kuwaza ataoka nini, na kama mayai yanatosha.

"Haya," alisema Ofelia. Alimtazama kitambo kidogo, bila hasira, jinsi mtu anavyoutazama mlango alioubisha ukanyamaza. "Kila mtu na mambo yake. Siku njema, jirani." Akasukuma toroli kuelekea kwenye nyama.

Maikrowevu ililia. Marlys hakuisikia, ililia tena. Alifungua, akatoa trei, akakoroga, akagawa vikombe kumi na vinne kama kawaida, kwa mstari, na macho yake yalikuwa yakifuata koti jekundu. Alimwona kwenye mayai. Alimwona kwenye unga. Alijiambia kwamba atarudi kwa njia hii, maana ndizi ziko upande huu, na akipita atasema tu, bila kusimama, kwa hiyo unakuja? Watu hufanya hivyo. Mama mmoja alisimama, akakataa, akakataa. Marlys alisahau kumwuliza mara ya tatu, na yule mama alibaki pale amekodolea macho kikombe, hajui aende au abaki, mpaka Marlys alipozinduka na kumpa.

Ofelia hakununua ndizi. Kwenye kaunta ya kulipia alimpungia mkono, mkono mzima, wa furaha, na milango ikafunguka yenyewe na kujifunga.

Nyumbani alifika saa kumi na moja na nusu, na jua lilikuwa tayari limeegemea maghala ya nafaka. Upepo ulikuwa ukizoa majani ya mti wa mbele na kuyarundika kibarazani, mbele ya milango yote miwili bila kubagua. Gari la wageni lilikuwa limeegeshwa. Marlys aliingia, akavua viatu, akasimama jikoni bado amevaa koti.

Alifungua kabati akatafuta kopo la supu. Kisha akalifunga. Katika friza yake kulikuwa na maboksi sita yenye jani la rangi ya machungwa, yaliyopinda pembe, ambayo Curt humwambia achukue kwa sababu hayauziki. Alitoa moja. Aliliangalia kama hajawahi kuliona, akasoma nyuma yake maelezo anayoyajua kwa moyo.

Mikono yake haikuhitaji kichwa. Alitoboa nailoni mara nne kwa uma. Dakika nne. Alifunua nusu, akakoroga kutoka pembeni kwenda katikati, maana katikati huchelewa. Dakika moja na nusu. Kisha akakiacha kipumzike dakika moja, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi na ndiyo maana malenge hulia maji. Alikuwa analijua hilo, na dukani asubuhi ile alikuwa ameharakisha. Alipindua trei juu ya sahani halisi, ile ya maua ya buluu. Chakula kilikuwa kidogo kuliko sahani. Akakisambaza kwa mgongo wa kijiko. Kikawa kidogo bado.

Akavuta kiti, akaketi.

Sala ya mezani ya nyumba ile ilikuwa fupi, na Lowell aliisema haraka kabla viazi havijapoa: kumwomba Bwana aje aketi nao, na akibariki alichowapa. Tangu Machi Marlys hakuwa ameisema. Kwenye sinki, ukiwa umesimama, huwezi kumkaribisha mtu aketi. Sasa alikunja mikono akaisema, akashika uma. Kisha akauweka uma chini. Wazo lilimjia, na alijua kwamba ni la kitoto: kwamba miaka yote ile walikuwa wakimkaribisha Bwana mara moja tu kwa kila mlo, halafu wakaanza kula bila kungoja jibu. Akaisema sala tena. Akanyamaza. Akaisema mara ya tatu, polepole, kuelekea kwenye kiti cha upande wa pili, na alipofumbua macho mvuke ulikuwa umepungua juu ya sahani.

Akaonja.

Kwanza lilikuja tufaha, na Ofelia alisema kweli, lilikuwa limekaa vizuri. Kisha malenge, laini, tamu kwa mbali. Tunda dogo jekundu lilipasuka na kumkaza taya kwa uchachu wake. Mchele wa porini ulikuwa na ule ukaidi unaotakiwa. Na nyuma ya vyote, ikichelewa kama mtu anayeingia kanisani wimbo umeshaanza, ikaja harufu ya lile jani la kijivu ambalo mama yake alilisugua kwenye batamzinga wa Sikukuu ya Shukrani, watu kumi na tisa wakingoja sebuleni na meza mbili zimeunganishwa kwa shuka moja.

Hakikuwa kibaya. Angekuwa na nafuu kama kingekuwa kibaya. Angekimwaga, akasema ndiyo maana, akafungua kopo. Lakini kilikuwa chakula cha kweli, kilichofikiriwa na mtu, na kilimtosha mtu mmoja kama walivyoandika. Aliendelea kutafuna akingoja kitu, na ikamchukua muda kujua anangoja nini. Dukani alikijua chakula hiki kwa nyuso. Kijiko kikienda, uso ulibadilika. Mtu alisema mkewe hapendi viazi vitamu, au meno yake ni mapya, au mwaka huu mahindi yamechelewa kukauka. Naye alijibu, na mwingine akasogea. Sasa kijiko kilikwenda na kurudi, na hapakuwa na uso wa kuutazama.

Trei moja hutoa vikombe kumi na vinne. Alikuwa ameshakula sehemu ya watu sita.

Kwa upande wa pili wa ukuta mwanamume alisema jambo refu, na kila aliyekuwapo akacheka kwa pamoja. Hakuwa akielewa lugha yao, lakini kicheko hakina lugha. Alimsikia Ofelia akicheka baada ya wengine kumaliza, peke yake, kwa sababu alikuwa amekumbuka tena. Marlys alijikuta akitabasamu kwenye sahani. Akajiona akitabasamu, akaacha.

Hakuwa na hasira naye. Angemkasirikia nini? Mtu amekaribisha mara mbili kwa moyo mweupe, na mara mbili akaambiwa hapana na mwanamke mzima mwenye akili zake. Huko alikotoka, hapana bila shaka ilikuwa hapana, kama kisu ni kisu. Hivi sasa Ofelia aliamini kwamba jirani yake hamtaki. Na mwezi ujao, theluji ikishaanguka, hakuna anayekaribisha wala kukaribishwa. Watu hujifungia hadi Aprili. Alifika kwa mtu wa saba. Wa nane.

Akaweka uma, akainuka.

Kilichomzuia mlangoni kilikuwa mikono yake. Ilikuwa mitupu. Katika maisha yake hakuwahi kwenda kwenye meza ya mtu na mikono mitupu. Hata kwa wafiwa, hata kwa dada yake, lazima uwe na kitu chini ya kitambaa. Hakuwa ameoka. Alirudi jikoni, akafungua friza, akatoa maboksi matatu. Akayatazama, vyakula vitatu vya mtu mmoja mmoja, akaona jinsi ambavyo angeonekana amesimama nayo mbele ya watu waliopika sufuria kubwa, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka kwa sauti. Akayarudisha. Akavaa viatu.

Kibaraza kilikuwa hatua tisa. Katika hatua ya tano aligeuka nyuma. Alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, majani yakimzunguka vifundo vya miguu, akisema kwa midomo tu, Bwana, nisaidie, sijui hili linafanywaje. Hakukuwa na jibu alilolisikia. Akaenda tena hatua tisa, akagonga kabla mkono haujapata muda wa kufikiri.

Ofelia alifungua. Alikuwa amevaa aproni yenye madoa, na nyuma yake kulikuwa na mwanga mwingi wa manjano, mwanamke aliyefanana naye akikusanya bakuli, na mwanamume mnene aliyelegea kitini.

"Jirani," alisema Ofelia. "Kuna nini? Tumekupigia kelele?"

"Hapana. Hapana, kelele hakuna." Marlys hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliificha mifukoni. "Asubuhi nilisema sitaweza kuja."

"Ndiyo, ulisema."

"Nilisema mara mbili."

"Nilikusikia zote mbili."

Yule mwanamume kitini alikuwa ameacha kucheka na kugeuza kichwa, si kwa ubaya. Marlys alihisi joto likimpanda shingoni. Alitaka kueleza habari ya mara ya tatu, na alipoitafutia maneno aliona kwamba haielezeki; ni kama kumweleza mtu jinsi ya kumeza.

"Nilikuwa nataka kuja," alisema.

Ofelia alimkazia macho. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Dada mtu, jikoni, alifunga bomba la maji. Ofelia alimtazama Marlys kuanzia kichwani, nywele zenye alama ya kofia ya wavu, hadi kwenye viatu ambavyo kamba zake hazikufungwa. Alionekana kama mtu anayepitia upya jambo la zamani, labda sinia la Agosti, akiligeuza upande wake wa pili.

"Sisi tumeshakula," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Lakini supu ipo nyingi. Ingia nikupashie moto."

"Aa, usijisumbue," alisema Marlys.

Alijisikia akisema. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, kama pigo la moyo, kama maji ya mfereji ulioachwa wazi, na hapakuwa na namna ya kuyarudisha. Alisimama pale akiwa amekunja uso wote kwa aibu, na mikono imekunjika ngumi ndani ya mifuko.

Ofelia hakusema haya, hakusema siku njema. Aligeuka, akaenda ndani kwa hatua zake nzito, akimwambia dada yake jambo kwa lugha yao, na jiko likasikika likiwashwa. Mlango hakuufunga. Aliuacha wazi kabisa, hadi kitasa kikagusa ukuta, jioni ya mwisho wa Oktoba, katika mji ambao watu hufungua mlango kwa upana wa bega na kuufunga kabla baridi haijauona.

Joto la nyumba lilitoka nje na kumpiga Marlys usoni, likiwa na pilipili na mahindi ndani yake, likampita, likapotelea barabarani. Hakuna aliyekuja kuufunga. Upepo ulizunguka nguzo ya kibaraza, ukainua majani mawili makavu kutoka miguuni pake, nayo yakavuka kizingiti, yakasugua sakafu kwa sauti ndogo, yakaenda hadi karibu na meza.